Ufito Usiosukuma

Jumamosi, saa tatu asubuhi

Kwako kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba miguu imeacha kumsumbua Mama. Mwambie wifi kile kikohozi chake asikichezee. Mimi mwili wangu ni mzima, ila usingizi na hamu ya kula vimenipa mgongo.

Najua una haki ya kuninunia. Miezi saba umekuwa ukinipigia simu, napokea mbiombio, nasema niko kazini nitakupigia, kisha sikupigii. Nasikia umemwambia Mama kwamba Chiriku wenu siku hizi amekuwa bubu. Maneno hayo yalinifikia, yakanichoma kwa sababu ni ya kweli. Leo nataka nikueleze kilichoniziba mdomo. Nimeona niandike, maana kwenye simu ungenikatiza kwa utani kabla sijafika mwisho, na mimi ningeshukuru kukatizwa.

Niko chumbani, ghorofa ya tatu, kilekile chumba ambacho dirisha lake lilipakwa rangi likiwa limefungwa na tangu hapo halijafunguka. Nimeshinda humu tangu Jumatano, kwa sababu nimenyang'anywa funguo za maabara. Usiruke kwenye kiti, sijaiba. Acha nianze mwanzo.

Unakumbuka siku uliponiuliza mbele ya mafundi wako wa gereji nafanya kazi gani hasa, nikababaika, na fundi wako wa rangi akasema huenda nafuga wadudu? Hakukosea sana. Nafuga bakteria kwenye chupa, nawavunja, natoa ndani yao mashine moja ya protini. Mashine hiyo tunayo hata sisi. Ndani ya kila seli ya mwili zimo kadhaa zimepangwa kama mnyororo, zinachoma chakula kwa hewa tunayovuta. Hiyo ndiyo pumzi yenyewe, kaka. Mapafu ni mlango tu.

Ya kwanza katika mnyororo ndiyo kubwa kuliko zote. Imeungwa kwa vipande vingi, na ukiitazama ina umbo la buti. Mafuta yake, yaani kile chakula, huingilia juu, kwenye shingo ya buti, na huko ndiko yanakochomwa. Pampu, zinazosukuma chembe za umeme, ziko chini, kwenye wayo, na ya mwisho iko kabisa kwenye vidole. Sasa swali ambalo watu wamezeeka nalo ni hili: moto unaowaka shingoni unaiendeshaje pampu iliyo mbali vile? Kile kipande cha vidoleni kina kitu ambacho wenzake hawana, mkono mrefu mwembamba unaorudi nyuma, unapita kando ya pampu zote mpaka karibu na kisigino. Sisi tunauita ufito. Profesa wetu alipouona mara ya kwanza alisema bila kusita kwamba ule ni mkono wa pistoni: moto ukiwaka, ufito unasukumwa na kuvutwa, na pampu zote zinakwenda pamoja. Wewe uliipenda habari hiyo. Ulisema kumbe Mungu naye ni fundi.

Nilipokuja hapa kusomea udaktari wa falsafa, kazi niliyopewa ilikuwa kuuthibitisha msukumo huo. Tuliwabadilisha bakteria ili mashine zao ziwe na kulabu mbili, moja kwenye ufito, nyingine kwenye pampu ya jirani. Kulabu zikishikana, ufito umefungwa pingu, hausogei hata unywele. Kama Profesa yuko sahihi, pampu zitasimama. Kipimo chenyewe kinafanyika katika chumba cha giza kama kabati, pazia jeusi mlangoni, hata kama nje ni saa sita ya mchana. Unatia vifuko vidogo vyenye zile mashine, unatia rangi inayong'aa, unatia mafuta. Pampu zikifanya kazi, rangi inafifia na mstari kwenye kompyuta unashuka. Pampu zikikwama, mstari unabaki juu, umelala. Mwishoni kabisa unatia tone la dawa inayotoboa vifuko, kila kitu kinavuja, na mstari unarudi ulikotoka. Ndivyo unavyojua kwamba jaribio limekwisha.

Makala yetu ilitoka miaka minne iliyopita, ikionyesha kwamba ufito ukifungwa pingu mstari unalala. Nikapata shahada, nikapewa kazi hapahapa, nyinyi mkafanya sherehe ambayo nasikia mpaka mafundi wako walivaa tai.

Sasa nikueleze habari za Mwalimu.

Miaka miwili iliyopita aliletwa kwetu mwanafunzi mpya. Nasema mwanafunzi, lakini ananizidi miaka saba. Alifundisha sayansi ya sekondari kwa miaka kumi na sita, akaomba likizo ndefu, akawaacha watoto wake wawili kwa mama yake, akaja kutafuta udaktari. Maabara nzima tunamwita Mwalimu. Mimi namwita dada, naye ananiita Daktari hata nimkataze vipi. Ni mtu wa mpangilio. Hata kalamu zake zinakaa foleni. Akikosea hesabu anairudia mara tatu, halafu anacheka na kusema amejichapa.

Alipewa kazi ya kuendeleza yangu, aone msukumo unapita wapi hasa. Lakini kwanza ilimbidi arudie jaribio langu, limjibu kama lilivyonijibu mimi. Halikumjibu. Alifunga ufito pingu, mstari ukashuka kama kawaida, kana kwamba hakufunga kitu. Akarudia, ukashuka. Profesa akasema kulabu hazikushikana. Mwalimu akahakikisha kwamba zimeshikana. Profesa akasema vifuko ni vichafu. Mwalimu akavitengeneza upya kuanzia kwa bakteria wenyewe, kazi ya wiki mbili. Mstari ukashuka.

Mwishowe, katika kikao cha maabara, Profesa akasema tatizo si mashine wala vifuko, tatizo ni mikono, na mikono iliyozoea chaki haiwezi kuzoea kazi ya tone. Watu wakacheka. Na mimi, kaka, nilitabasamu, kwa kuwa Profesa alikuwa ananitazama mimi.

Tangu siku hiyo Mwalimu akawa ananawa mikono mpaka kwenye viwiko kabla ya kila jaribio, kama daktari wa upasuaji. Ngozi ikaanza kupasuka katikati ya vidole. Aliniambia mwanawe mkubwa humuuliza kila akipiga simu kama ameshafaulu, na siku hizi yeye humjibu kwamba mtandao ni mbaya, hasikii vizuri.

Mwezi uliopita akanijia mezani na tasnifu yangu mkononi, ile nakala iliyo kwenye kabati la maabara. Alikuwa ameisoma yote akitafuta kosa lake mwenyewe. Akaniuliza kwa upole kuhusu jedwali moja lenye safu inayoonyesha kasi ya kuchoma mafuta. Alisema haelewi. Pampu zikikwama, mafuta yalipaswa kuliwa polepole, lakini kwangu yaliliwa kwa kasi kuliko kawaida. Halafu akasema safu hiyo ameitafuta kwenye makala iliyochapishwa, hakuiona.

Wewe ni fundi, hili utalielewa kuliko mtu yeyote. Pistoni ikikwama, injini haili mafuta. Injini ikivuma na kumaliza tangi huku gari limesimama palepale, hapo pistoni haijakwama. Gari liko huru, gia haijaingia, nguvu inavuja. Mwalimu hajawahi kushika spana, lakini aliliona.

Nilimjibu kwamba mashine ya kupimia mafuta siku zile ilikuwa na hitilafu. Akashukuru. Akafungua daftari lake, akaandika jibu langu pamoja na tarehe. Akaniomba kama angeweza kuliona daftari langu la zamani, nikamwambia liliharibika bomba lilipopasuka. Lilikuwa kwenye droo niliyokuwa nimeegemea.

Kaka, mstari wangu haukulala. Haukuwahi kulala hata siku moja.

Mwaka wa tano nilikuwa nimeshalifanya jaribio lile mara thelathini na moja. Mara zote ufito umefungwa, na mara zote pampu zinakwenda kama hazina habari. Kila nilipompelekea Profesa, alisema neno moja, nirudie. Bila sahihi yake sikuwa na shahada, na bila shahada nisingeruhusiwa kukaa hapa wala nisingeweza kurudi nyumbani nikawatazama usoni. Simsingizii. Hakuwahi kuniambia nidanganye, na nilipolazwa alikuwa wa kwanza kufika na chupa ya uji. Lakini kila mlango niliousukuma ulikuwa umefungwa kwa nje. Asubuhi moja, ndani ya kile chumba cha giza, nikachukua ile dawa ya kutoboa vifuko, ambayo chupa yake iko mezani siku zote, nikaitia mwanzoni badala ya mwisho. Tone moja. Kila kilichosukumwa ndani kikavuja palepale, na mstari ukalala kama maji ya mtungi. Nikauchapisha nikampelekea. Profesa alinishika mabega yote mawili. Macho yake yalikuwa na machozi.

Ile safu ya mafuta sikuigusa. Mpaka leo sijui kama niliisahau au nilitaka nikamatwe. Makala ilipotoka bila safu hiyo, nilijiambia nafasi ilikuwa ndogo kwenye jarida.

Basi hiyo ndiyo shahada mliyoivalia tai. Na ule mchoro uliomwambia fundi wa rangi auchore kwenye ukuta wa gereji, ambao wateja wanadhani ni aina mpya ya eksozi: buti ni la kweli, na ufito ni wa kweli. Ile mishale miwili ya kuonyesha unakwenda mbele na nyuma ndiyo uongo wangu. Naomba umwambie aifute.

Nilivyokuja kusema ni hivi. Wiki tatu zilizopita Profesa aliniagiza nikae na Mwalimu chumba cha giza, niitazame mikono yake, nimwambie anakosea wapi. Nikakaa. Magoti yetu yaligusana, chumba ni kidogo. Mikono yake ilikuwa imetulia kuliko yangu. Hakumwaga, hakutetemeka, hakuzidisha. Mstari ukashuka, mzuri, laini. Aliendelea kuhesabu sekunde kwa sauti ya chini, na katikati ya kuhesabu nikasikia analia, lakini hakuacha kuhesabu. Alipofika sitini nikamwambia.

Aliuhifadhi mstari wake kwenye kompyuta. Kisha akauliza ni matone mangapi. Nikamwambia ni moja. Akawasha taa, akanionyesha vidole vyake vilivyopasuka, akasema, "Karibu miaka miwili nimekuwa nikinawa." Basi. Akavua koti la maabara, akalikunja vizuri, akanitaka tuende kwa Profesa sasa hivi, kabla mmoja wetu hajapata akili.

Profesa alitusikiliza mpaka mwisho. Akainuka, akafunga mlango, akakaa tena. Akasema, "Ile safu niliiondoa mimi."

Akaeleza taratibu, bila ukali, kwamba aliiona siku ileile nilipompa rasimu, na kwamba alijua maana yake. Alijiambia huenda ni kosa la kipimo. Mtu akiwa ameamini jambo kwa miaka thelathini, kosa la kipimo halikosekani. Amebakiza miezi kumi na minne astaafu. Akatupangia mambo kama anayepanga vyombo mezani. Nikisema sasa, maabara itafungwa, na Mwalimu atarudi kwao mikono mitupu. Nikinyamaza, atampa kipande kingine cha mashine, kazi nyepesi, na kutia sahihi kabla likizo yake haijaisha. Yeye mwenyewe akishastaafu, tuseme tunachotaka.

Tulitoka. Kwenye ngazi nilimwambia Mwalimu kwamba siwezi kunyamaza tena, nikidhani atanishika mkono. Alisimama ngazi mbili juu yangu. Akasema likizo yake imebakiza miezi minne, na kwamba hakuniomba nimwokoe. "Ulinyamaza ulipotaka wewe," akasema. "Sasa nyamaza ninapotaka mimi."

Kaka, hapo ndipo nilipojua maana ya kubanwa. Uongo ulikuwa umenibana miaka minne, lakini nilidhani ufunguo uko kwangu, kwamba siku nikiamua kusema nitatoka. Kumbe nilikuwa nimemfungia mtu mwingine humohumo, na nikitoka kwa pupa mlango unamwangukia yeye. Siku nne sikufanya kazi yoyote. Nilikwenda, nikakaa, nikatazama chupa, nikarudi.

Siku ya tano nilichukua madaftari ya Mwalimu kutoka kwenye kabati la pamoja. Sikuwa na nia maalumu; labda nilitaka kujiadhibu. Majaribio arobaini na nane. Mstari na mafuta, vyote vimepimwa kila mara, jambo ambalo sikuwahi kulifanya mfululizo hata mimi. Na kuelekea mwisho kulikuwa na jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Alipochoka na pingu, alijaribu kuufupisha ufito, akaukata katikati. Mashine yote ikaachana, kile kipande cha vidoleni kikachomoka na pampu ya jirani ikafuata. Pembeni ameandika kwa wino mwekundu, kama anavyosahihisha madaftari ya watoto: kosa langu, rudia.

Halikuwa kosa. Nilisoma kurasa hizo nimesimama. Ufito hausukumi kitu. Ufito ni mkanda. Kazi yake ni kufunga zile pampu pamoja zisiachane. Ukiufunga pingu, haudhuriki, kwa sababu mkanda haukuwa unakwenda popote. Ukiukata, mzigo wote unamwagika. Mwalimu alikuwa ameshamaliza kazi yake tangu zamani, na kilichomzuia asione ni makala yangu.

Nilimpelekea. Nikayapanga madaftari mbele yake kwenye meza ya mkahawa wa chuo, na juu yake nikaweka daftari langu lile nililosema limelowa. Alisoma kwa muda wa saa nzima, kidole kikifuata mistari. Chai yake ikapoa. Kisha akainua uso, akasema, "Kwa hiyo hakuna nilichokosea." Nikasema hakuna. Akaniuliza kama nikifuta makala yangu, yake itasimama peke yake. Nikamwambia itasimama, na kwamba isipofutwa ataitwa mzembe maisha yake yote. Akafikiri. Akasema, "Peleka."

Jumanne niliwaandikia wahariri wa jarida nikiwaomba waifute makala, nikaeleza kwa nini. Jumatano niliiandikia kamati ya chuo, nikataja tone langu na safu iliyoondolewa. Kabla ya adhuhuri katibu wa idara alikuja na karatasi, akadai funguo zangu huku akitazama viatu vyake. Nimeambiwa nisisafiri mpaka nihojiwe, na hawakusema lini. Shahada huenda ikachukuliwa. Kazi tayari nahesabu imekwenda. Profesa sijamwona, nasikia anaingia asubuhi, anakaa ofisini mlango umefungwa, anatoka jioni. Mwalimu amepewa msimamizi wa muda kutoka idara nyingine, na hakuna anayejua kama miezi minne itatosha.

Jana asubuhi kuna mtu alibisha hodi. Alikuwa Mwalimu, amebeba boksi la vitu vyangu vya mezani: kikombe, sweta, na viatu vya kubadilisha. Akaliweka kitandani, hakukaa. Akasema nisije nikadhani amenisamehe, na kwamba hajui kama atanisamehe. Nikasema nimeelewa. Akaelekea mlangoni, akasita, akatoa karatasi mfukoni. Kuna namba moja kwenye hesabu ya mafuta ya daftari langu, akasema, zaidi yangu hakuna anayejua nilikoitoa, na msimamizi wake mpya anaiulizia.

Nina kiti kimoja tu. Nilimpisha akakaa, mimi nikapiga magoti pembeni ya meza, tukaifuata ile namba kutoka mwanzo. Ilikuwa sahihi. Tukaendelea na ukurasa uliofuata, na uliofuata, mpaka saa saba. Hakuniita Daktari. Mara mbili nilikosea kujumlisha, na mara zote mbili alinirudisha mwanzo wa mstari kwa ncha ya kalamu. Alipomaliza alikusanya karatasi zake akatoka. Hakuniaga, na mlango aliuacha wazi.

Mama usimwambie. Nitampigia mwenyewe kesho mchana, nataka asikie kwa sauti yangu, na naomba uwe karibu naye nikipiga. Wewe ukitaka kunigombeza, nigombeze. Nitapokea simu mara ya kwanza ikilia.

Msalimie wifi, wabusu watoto, wasalimie mafundi wote wa gereji, na yule wa rangi wa kwanza. Nawakumbuka kila mtu kwa jina lake na kwa kelele zake.

Ni mimi, mdogo wako,
Chiriku